Ujira wa Robo Saa

Mtu asafiriye kwa gari kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, mwendo wa takriban kilomita 500, hupita Chalinze na Morogoro, akaikata mbuga ya Mikumi ambamo tembo na nyati huvuka barabara wapendapo, akafika Ruaha Mbuyuni kwenye joto na magunia ya vitunguu, kisha akakabiliwa na Mlima Kitonga. Hapo njia hujipindapinda ubavuni mwa mlima, malori hupanda kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, na kando ya barabara aghalabu huonekana gari dogo lililofunguliwa boneti, mvuke unapaa, na mwenyewe amesimama na dumu tupu mkononi. Akiulizwa limepatwa na nini, hujibu kwamba limechemsha ghafla. Neno hilo la ghafla ndilo ninalotaka kulipinga leo, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi, na mimi mwenyewe nimewahi kulitamka, nami sasa naamini kuwa mara nyingi si kweli. Maji yaliyokwisha Kitonga yamkini yalianza kuvuja Temeke, Dar es Salaam, miezi mitatu nyuma, tone baada ya tone, ilhali mwenye gari akiyajaza kila Jumamosi bila ya kuuliza yalikokwenda.

Maji ya injini hayafanani na petroli. Petroli huchomwa ikaisha, lakini maji huzunguka katika njia iliyofungwa: pampu huyasukuma yakazizunguka silinda, yakapanda kwenye silinda hedi, thamostati ikifunguka yakaingia katika rejeta kupozwa na upepo, kisha yakarudi yalikotoka. Gari lililo salama laweza kukaa miezi mingi bila ya kuongezwa hata kikombe. Juu ya njia hiyo umewekwa mfuniko wenye springi, na juu ya mfuniko, katika magari mengi yatokayo Japani, imepigwa chapa ya 0.9 au 1.1. Watu wengi huudhania kuwa ni kizibo kama cha chupa, kumbe ni mlinzi wa shinikizo. Maji yakipata moto hutanuka, mfuniko huyazuia, shinikizo hupanda, na likifikia kiasi kilichoandikwa, maji ambayo katika sufuria ya wazi mjini Dar es Salaam yangechemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi hustahimili mpaka karibu 120. Iringa, iliyo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,500, maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo gari lisiloweza kushika shinikizo hupungukiwa na himaya yake mahali pale pale ambapo mlima umeizidishia injini kazi.

Hapo ndipo ilipo hila ya uvujaji wa maji. Ufa uliojibana wakati gari limelala hufunguka shinikizo lipandapo, na tone litokalo wakati wa moto huangukia chuma cha injini likageuka mvuke kabla ya kufika chini. Asubuhi mwenye gari hutazama sakafu ya uwanja wake, akaiona kavu, akashukuru. Kwa sababu hiyo mafundi wa zamani walitafuta njia ya kuleta shinikizo bila ya moto, wakaipata katika chombo kidogo mno: pampu ya mkono iliyo jamaa ya pampu ya baiskeli, yenye saa ya kipimo na kifuniko kinachokaa barabara pale penye mfuniko wa rejeta. Injini ikiwa baridi kabisa, maji hujazwa, pampu hufungwa, fundi akasukuma mpaka kiasi kilichoandikwa juu ya mfuniko wala si zaidi, kwani akizidisha atapasua kilichokuwa kizima. Kisha hungoja. Dakika kumi, robo saa, macho yakiwa juu ya mshale. Mshale ukisimama, njia ni nzima. Ukishuka, maji yana mahali pa kutokea, na sasa panaweza kutafutwa kwa utulivu na tochi, pasipo mvuke wa kuunguza mikono. Mfuniko wenyewe nao hupimwa kwa chombo hicho hicho, maana springi iliyochoka huachia mapema, na rejeta mpya haiwezi kuutibu mfuniko mbovu.

Nilijifunza haya kwa hasara. Gari langu lilikuwa likipungukiwa na maji, chupa moja ya lita kwa wiki, nami nikalipeleka katika gereji iliyo karibu na nyumbani. Nikaambiwa ni rejeta, nikanunua. Maji yakaendelea kupungua. Nikaambiwa ni pampu ya maji, nikanunua. Baada ya mwezi nikaambiwa tubadili mipira yote, nayo nikanunua, na siku hiyo niliondoka pale nikiwa na gari lenye nusu ya viungo vipya na ugonjwa ule ule wa kale. Rafiki akanielekeza kwa mzee mmoja afanyaye kazi chini ya mwembe, ambaye hakuuliza nimebadili nini. Alifunga pampu yake, akasukuma, akaketi juu ya tairi akitazama. Mshale ukashuka polepole. Akapitisha tochi chini ya boneti yote, hapana hata unyevu. Ndipo akafungua mlango wa abiria wa mbele, akainua zulia, akatia kidole, akanionyesha: maji ya kijani yenye utelezi. Zulia lile nilikuwa nikiliona bichi siku zote, nikidhani ni maji ya kiyoyozi. “Maji ya kiyoyozi hayana rangi wala utelezi, mwanangu,” alisema. Hita ndiyo iliyokuwa imetoboka. Sisi wa pwani hatuwashi hita maisha yetu yote, tukasahau kuwa ipo nyuma ya dashibodi, na kwamba katika magari mengi maji ya moto huipitia hata kwa asiyeihitaji.

Nimewahi kuwalaumu wale mafundi wa kwanza, lakini nikitafakari kwa insafu naona lawama hiyo nastahili kuigawana nao. Mzee yule aliponitajia ujira wake wa kupima, kabla ya kutengeneza chochote, mimi, niliyekwisha kulipa rejeta na pampu bila ya kunung'unika, nilishangaa na kutaka kupunguziwa. Kwa nini nilipe, na hajabadili kitu? Hii ndiyo desturi yetu, na madhara yake ni makubwa. Tumezoea kulipia kile tunachokishika mkononi, spea iliyo katika boksi lake, tukaona kutazama, kungoja na kufikiri kuwa si kazi. Basi fundi apimaye robo saa kisha akasema kwa ukweli kwamba rejeta ni nzima huondoka mikono mitupu, na fundi akisiaye na kuuza rejeta hula chakula cha mchana. Madhali ujira umepangwa hivyo, tusistaajabu kukuta magereji yenye spea tele na pampu ya kupimia hapana. Mgonjwa hospitalini hulipia kumwona daktari hata akiambiwa hana neno. Sijui kwa nini gari libebalo watoto wetu lisipewe heshima hiyo.

Wako wanaokwepa upimaji kwa njia fupi. Mmoja hutia ute wa yai au pilipili manga katika rejeta ili kuziba tundu, na vitu hivyo huziba pia mishipa myembamba ambayo maji yalipaswa kupita. Mwingine hung'oa thamostati na kuitupa, injini ikawa haifikii joto lake wala tundu halikuzibwa. Wakati huo maji hupungua, na silinda hedi ya aluminiamu, ambayo kwa moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu kilicho chini yake katika baadhi ya injini, huanza kupinda. Gasketi ikiachia, maji huingia katika silinda au hukutana na oili ikawa kama chai ya maziwa, na ubovu uliokuwa wa mpira mmoja umekuwa wa kuifumua injini. Hata huko ndani pampu ile hufika: plagi zikitolewa, shinikizo likaachwa, maji yatajitokeza katika silinda yenye kasoro.

Walimu wa ufundi wa magari katika vyuo vya VETA wana nguvu ya kumfanya kila kijana aone aibu kuihukumu rejeta ambayo hakuipima. Lakini kijana huyo hatadumu katika adili hilo ikiwa wateja tutamnyima ujira wake. Wewe msomaji unayejiandaa kupanda Kitonga mwezi wa Desemba pamoja na wazazi na watoto, nenda kwa fundi wako asubuhi, injini ikiwa baridi, umwombe apime shinikizo na mfuniko pamoja, ukae naye mkiutazama mshale. Na mlipe ujira wa robo saa hiyo hata kama mshale haukushuka.