Mambo ya Nyumbani: Mashine ya Nguo Isiyotaka Kukamua

Mwezi huu twaacha habari za chakula na shamba, tupate kujibu swali lililotufikia kutoka Runzewe, wala si kwa nyumba moja tu. Mashine ya kufulia ipo, upande wa kufua wafanya kazi vizuri, lakini upande wa kukamua umenyamaza. Fundi aliitwa, akakata nyaya mbili, akaziunga pamoja, na pipa likaanza kuzunguka tena. Ila sasa lazunguka hata kifuniko kikiwa wazi. Mwenye nyumba auliza: Je, kazi hii ni njema? Twajibu kabla ya maneno mengine: La, si njema. Mashine hiyo sasa ni mbovu kuliko ilivyokuwa siku ile ilipokataa kuzunguka.

Walio mbali wajue kwamba Runzewe ni mji mdogo wa wilaya ya Bukombe, kando ya njia kuu itokayo Isaka na Kahama kwenda Nyakanazi, hata Rusumo mpakani. Wilaya hiyo ilihesabiwa katika mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012, ulipoanzishwa mkoa wa Geita. Ni nchi ya dhahabu na udongo mwekundu, na nguo za mchimbaji zirudipo jioni huwa nzito kama ngozi mbichi. Ndiyo maana mashine ya mapipa mawili yapendwa: hujazwa maji kwa ndoo, haingoji bomba, na wakati wa masika pipa lake dogo hukamua nguo kwa dakika chache, zikabaki na unyevu wa kumalizwa na upepo wa barazani.

Sasa tutazame kazi ya kifuniko. Pipa la kukamulia huzunguka yapata mara 1,300 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 20 kwa kila sekunde. Mkono wa shati uliolegea ukivifunga vidole vya mtoto, au vya binti asaidiaye kazi za nyumbani, hakuna nafasi hata ya kupiga kelele. Kwa hiyo watengenezaji waliweka walinzi wawili chini ya kifuniko kimoja. Wa kwanza ni swichi: vibamba viwili vyembamba vya shaba, vilivyofichwa nyuma ya ubao wa vitufe, ambavyo hugusana kifuniko kifungwapo, na kuachana kifunuliwapo, umeme ukakatika. Wa pili ni breki. Kifuniko kikifungwa, waya huivuta breki iachilie mota. Kikifunuliwa, springi huirudisha, ikaikamata.

Fundi aliyeunga nyaya amemwua mlinzi wa kwanza. Na tena kuna jambo wengi hawalijui: mlinzi wa pili angali hai. Kifuniko kikiinuliwa, breki hushika, na umeme nao wazidi kusukuma. Mota hupigana na breki yake yenyewe, hupata moto, na baada ya siku si nyingi koili zake huungua. Ndipo fundi huyohuyo huitwa tena, aseme kwamba mota imekufa, nayo yauzwa ghali. Hatusemi kwamba hufanya hivyo kwa hila. Wengi wao hawakufundishwa. Lakini mfuko ni wako.

Basi, ubovu watafutwaje? Kwanza tumieni masikio, maana hayana gharama. Fungeni kifuniko, zungusheni kitufe cha saa cha upande wa kukamua, msikilize.

Kama mota yanguruma lakini pipa halizunguki, swichi haina kosa, kwani umeme umefika. Ichomoeni mashine upesi, isiungue. Mara nyingi soksi au kitambaa kidogo kimeteleza kikakwama kati ya pipa la ndani na la nje. Au waya wa breki umelegea, usiifungue breki sawasawa. Au kapasita imechoka. Au umeme wenyewe ni mdogo, kama uwavyo jioni mwisho wa laini, watu wote wakiwasha vitu vyao. Soketi yapaswa kutoa volti 230 au karibu na hapo.

Kama pipa ni kimya kabisa, na upande wa kufua wafanya kazi, basi umeme umeingia katika mashine ila haufiki kwenye mota ya pili. Hapo swichi ya kifuniko ndiyo ya kushukiwa kwanza. (Kama pande zote mbili ni kimya, tazameni salio la LUKU kabla ya kumwita mtu. Twacheka, lakini hutokea.)

Kabla ya kufungua, chomoeni plagi ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Simameni mahali pakavu, mmevaa viatu, wala msikiguse kile kisanduku kidogo chenye nyaya kiitwacho kapasita, maana chaweza kutunza umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Asiyejua kukitambua asifungue. Amwite fundi, asimame karibu, na kumwambia kwa adabu lakini wazi: Fundi wangu, twaomba swichi itengenezwe, isirukwe.

Skrubu za ubao wa nyuma zikitolewa, fungeni na kufungua kifuniko polepole kwa mkono huku mkitazama vile vibamba. Mara nyingi jicho lamaliza kesi yote. Pengine ulimi wa plastiki wa kifuniko, ambao ndio uvisukumao, umevunjika, kwa sababu kifuniko huangushwa kila siku badala ya kuwekwa. Basi swichi ni nzima na kifuniko ndicho kigonjwa. Pengine kibamba kimoja kimepinda, havikutani. Pengine vyakutana, lakini ncha zake zimekuwa nyeusi kwa cheche, au zimefunikwa na vumbi jekundu la kiangazi lililoshikana na mvuke wa sabuni. Wala msiwasahau panya, ambao huupenda ubao huo wa nyuma kwa sababu una joto, na nyaya wanazitafuna.

Mwenye mita ya umeme atenge nyaya mbili za swichi, aweke mita kwenye kipimo cha omu, agusishe sindano zake pande mbili. Kifuniko kikifungwa, mita isome sifuri au karibu nayo. Kikifunuliwa, ionyeshe kwamba njia imekatika. Ikisoma sawa mara zote mbili, swichi ni mbovu. Asiye na mita atumie betri ya tochi na balbu yake ndogo, akiipitisha njia ya umeme katika swichi: balbu iwake kifuniko kikifungwa, izimike kikifunuliwa. Swichi ikionekana njema, shaka yahamia kwenye kitufe cha saa, kisha nyaya, kisha mota yenyewe. Na hapo fundi yafaa aitwe.

Ncha nyeusi husuguliwa kwa msasa laini, kidogo tu. Kibamba kilichopinda hurudishwa kwa koleo, taratibu, kwa kuwa shaba hiyo ikikunjwa mara mbili tatu hukatika. Ikiwa imeungua hata kuliwa, msiitie viraka. Inunuliwe nyingine, nayo si kitu cha bei ya mota. Mwende nayo ile mbovu dukani, Kahama au Geita au Mwanza, ilinganishwe matundu na urefu wa vibamba, kwani hazifanani zote.

Hizo mashine kubwa za kukausha kwa joto, zenye mlango mbele, huku kwetu ni chache, nazo hutumia wati 2,000 na zaidi. Jua la Bukombe halidai kitu. Hata hivyo ubovu wake hupimwa vivyo hivyo: nyuma ya mlango kuna kitufe kidogo kinachobonyezwa na ndoana ya mlango, na kwa kawaida mlango usipokaa sawa mashine haianzi. Habari ya milango na watoto si ya leo. Marekani mwaka 1956 ilitungwa sheria kwamba mlango wa jokofu uweze kufunguka kutoka ndani, kwa sababu watoto walikuwa wakijificha humo katika michezo yao, wakafa.

Kazi ikiisha, rudisheni ubao na skrubu zote, kisha mjaribu pipa likiwa tupu, watoto wakiwa mbali. Liache lishike kasi, halafu inueni kifuniko, bila kuingiza mkono, mkaanza kuhesabu. Vitabu vingi vya maelezo vya mashine hizi vyataka pipa lisimame kabla ya sekunde 15. Likipita hapo, waya wa breki haujakaa, na mashine ichomolewe mpaka urekebishwe.