Vijana wa Kapsoya, Msishuke Pwani kwa Dharau

Ijumaa jioni, ukipita kwenye ofisi za mabasi mjini Eldoret, utawatambua bila kuuliza. Begi dogo mgongoni, viatu vya mbio vimening'inizwa nje ya begi kwa kamba zake, miguu mikavu kama fito. Hao ni vijana wetu wa Kapsoya, na wenzao wa Munyaka na Kimumu, wanashuka Pwani. Wamesikia kuna mbio za jamii siku ya Jumapili, zawadi ya kwanza inatosha kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, na washindani wenyewe, kama wanavyoambiana huku wakicheka, ni "watu wa mahamri".

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ndugu zangu, nawasihi msishuke Pwani kwa dharau. Dharau hiyo ina watoto wawili wa tumbo moja: mmoja hulidharau joto, mwingine huwadharau watu wanaoishi ndani ya joto hilo. Nimewaona wote wawili, na nitasema hapa chini nilikowaona.

Sisi tumelelewa mahali pa juu, kiasi cha mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Kituo cha hali ya hewa tunacho hapa hapa Kapsoya, lakini hatukihitaji kutuambia kwamba anayetoka mbio saa kumi na mbili asubuhi hutoka na koti. Hewa ya huku ni nyepesi, oksijeni katika kila pumzi ni kidogo, na mwili wa mtu aliyekulia hapa hujilipa kwa kuongeza chembe nyekundu za damu. Ukiishusha damu hiyo mpaka ufukweni, kilomita za kwanza huwa tamu kupita kiasi. Kifua ni cheupe, miguu haina uzito, unaona kama umeongezewa mapafu. Utamu huo ndio mtego.

Wazee watakumbuka Olimpiki ya mwaka 1968 kule Mexico City, mji ulioinuka kuliko Eldoret kidogo. Naftali Temu alitwaa mita 10,000, ikawa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Kipchoge Keino, ambaye uwanja wa mji wetu una jina lake, alimwacha Jim Ryun wa Marekani kwa karibu mita 20 katika mbio za mita 1,500. Na Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 10,000, alifika wa sita akaanguka, ikabidi apewe oksijeni. Clarke alikuwa mtu wa Melbourne, mji wa pwani. Je, alikuwa mvivu? Alikuwa amekwenda kukimbia mahali ambapo mwili wake haukupajua, basi. Mcheza kwao hutuzwa, na Mexico siku ile ilikuwa kwetu.

Miaka 39 ikapita, ikawa zamu ya bahari. Tarehe 24 Machi 2007 Mombasa iliandaa Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika, katika uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Anayezijua pepo za Pwani atakwambia Machi ni mwisho wa kaskazi: joto limeiva, na kusi bado haijaja kupoza mambo. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alifika akiwa ameshinda mbio zote mbili, ndefu na fupi, kila mwaka kuanzia 2002 hadi 2006. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Katika mzunguko wa mwisho, mbele ya macho ya dunia, alisimama akatoka. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda, na Moses Mosop wetu akawa wa pili.

Msiniambie kwamba basi mtu wa milimani hana lake Pwani. Tadese naye alitoka nyanda za juu. Siku hiyo hiyo mbio za wanawake alizishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa huku kwetu Bonde la Ufa aliyekuwa akiiwakilisha Uholanzi. Milima haikumkataza mtu. Ila haikumkinga mtu pia.

Na msiseme adui ni jua, kwamba mbio zikianza gizani mambo yatakuwa shwari. Mwaka 2019 huko Doha, marathoni ya wanawake ya Mashindano ya Dunia ilianzishwa saa sita usiku ili kulikwepa jua. Walioanza walikuwa 68, waliomaliza 40. Usiku! Jua lilikuwa limelala, lakini unyevu wa Ghuba ulikuwa macho.

Hapa pana jambo ambalo makocha wetu wengi wanalijua, lakini kijana huliingiza sikio moja na kulitolea la pili. Mtu anayekimbia ni tanuri: sehemu kubwa ya nguvu anayoitumia haiendi miguuni, hugeuka joto. Joto hilo hutolewa na jasho. Lakini jasho halipozi mwili kwa kutoka, hupoza kwa kukauka. Hapa Kapsoya linakauka kabla hujaliona, ndiyo maana wengi wenu mnadhani hamtoki jasho. Pwani hewa imeshiba maji, haina nafasi ya kupokea mengine, hivyo jasho linachuruzika mpaka viatuni na joto linabaki ndani. Damu nayo inagawanywa: misuli inaitaka, ngozi inaitaka, moyo unakimbia huku na huku kama kondakta mmoja wa matatu mbili. Ile damu nzuri uliyoichuma milimani haitoshi kulipa madeni yote.

Nayasema haya kwa kuwa nililipa karo yake. Nilikuwa na miaka 24, mwepesi wa miguu na mzito wa kusikia. Nilipanda basi Ijumaa jioni, kilomita karibu 800 nimekunja magoti, nikafika Mombasa Jumamosi asubuhi nimevimba vifundo. Usiku nililala chumba chenye feni iliyokuwa ikizungusha joto lile lile. Mbio zilikuwa za nusu marathoni, za kuchangia shule ya mtaa, na zilitangazwa kuanza saa kumi na mbili unusu. Tulimngoja mgeni rasmi mpaka saa mbili kasoro. (Siku moja nitaandika makala nzima juu ya wageni rasmi na mbio.)

Nilitoka kwa kasi ya nyumbani. Kilomita ya 5 niliangalia saa nikacheka peke yangu. Kilomita ya 10 nilikuwa mbele na wenzangu wawili wa bara, na maji ya mezani nilikuwa nayapita, kwani kunywa niliona ni mambo ya wageni. Kilomita ya 13 viatu vilianza kulia chwa, chwa, jasho limejaa. Kilomita ya 15 nikasikia baridi. Vinyweleo vya mikono vilisimama. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, nikidhani mwili umepoa na sasa naweza kuongeza.

Nyuma yangu akaja bwana mmoja wa makamo, mwenye kaptura na kofia ya kitambaa inayodondosha maji. Kumbe alikuwa mvuvi, na alikuwa akikimbia upande wa kivuli tangu mwanzo. Aliniangalia mara moja akasema, "Shehe, simama. Hiyo baridi unayoisikia si baridi." Nilimjibu neno ambalo sikumbuki, na aliniambia baadaye kwamba halikuwa neno la lugha yoyote. Akanishika mkono, akaniketisha chini ya mwarobaini, akapiga kelele dukani maji yaletwe, wakanimwagia ndoo baada ya ndoo kichwani na shingoni mpaka nikajua tena jina langu.

Sikumaliza mbio zile. Lakini yeye pia hakumaliza, na hakuwa mgonjwa. Alikuwa amefanya mazoezi miezi mitatu, mwanawe yuko darasani katika shule ile ile iliyokuwa ikichangiwa. Aliziacha kwa sababu ya mtu wa bara ambaye alfajiri ile alikuwa amemwita mtu wa mahamri.

Basi kwanza joto. Anayeweza, ashuke mapema: mwili huchukua kama siku 10 hadi 14 kulizoea joto, ukaongeza maji ya damu na kuanza kutoa jasho mapema, tena jasho lenye chumvi pungufu. Najua siku 14 za kulala hoteli hakuna anayezimudu. Lakini Bonde la Kerio liko hapo chini ya Iten, na hata matatu moja hufika. Teremkeni mkakimbie taratibu saa za mchana. Joto la Kerio ni kavu, si sawa na fukuto la bahari, ila moyo utajifunza kitu. Vaeni sweta mbili katika mazoezi mepesi ya hapa hapa mtaani, watu wacheke. Siku ya mbio punguzeni kasi tangu kilomita ya kwanza, wala si baada ya kushindwa. Kimbieni upande wa kivuli. Maji nusu yaende mdomoni, nusu kichwani.

Wala msinywe kama ngamia kwa kuogopa. Maji mengi kupita kiasi huizimua chumvi ya damu, na hilo nalo huua. Wakimbiaji 488 walipopimwa damu baada ya marathoni ya Boston ya mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na chumvi iliyoshuka kuliko inavyofaa. Kunyweni kwa kiu. Na mwenzenu akianza kupepesuka, akisema maneno yasiyo na kichwa, au akisikia baridi kwenye joto, msimkimbize hospitali juu ya boda boda akiwa bado anawaka. Mpozeni kwanza, kwa maji, kwa barafu, kwa chochote kilicho baridi, huku mmoja wenu akitafuta gari.

Ama kuhusu yule mtoto wa pili wa dharau, hapa najua nitakosana na wengine. Kijana mmoja aliniambia usoni: "Mzee, mimi sikusafiri usiku kucha kwenda kucheza na watoto. Nimefuata pesa." Ni kweli, na simlaumu. Kukimbia ni kazi yetu kama kuvua ilivyo kazi ya yule bwana, na anayekutaka ukimbie bure hajawahi kufungiwa mlango na mwenye nyumba. Chukueni zawadi, ni haki yenu.

Ninachokataa ni kuchukua bahasha na kuwa ndani ya basi kabla mtu wa mia hajafika. Mbio za jamii hazikuandikwa kwa ajili ya watu watatu wa mbele. Nyuma yenu yuko mama mwenye baibui anayekimbia kilomita 5 kwa mara ya kwanza maishani mwake, wako watoto wa madrasa walio pekupeku, yuko mzee anayetembea njia nzima akisalimia kila baraza. Hao ndio walionunua fulana, na fedha ya fulana ndiyo iliyojenga choo cha shule. Wakiona mwaka baada ya mwaka kwamba wageni huja, huvuna, hawasemi hata asante, siku moja wataandika kwamba mbio ni za wakazi peke yao. Pwani kuna sehemu watu wameanza kulisema hilo waziwazi. Siwezi kuwakasirikia. Sisi wenyewe tungekuwa wakali zaidi kama wavuvi wangepanda huku kila mwaka kuvuna mahindi yetu.

Tena kuna methali tuliyoikariri shuleni bila kujua imetoka wapi: mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mtoto wa Eldoret hudhani sakafu ile ni ya chumbani, akashangaa ukingo uko wapi. Sikuielewa mpaka jioni ile ya mbio, nilipoketi na mvuvi juu ya nyumba ya mawe ya shangazi yake, mikononi nina dafu, chini yetu uchochoro. Paa ni sakafu tupu, halina ukuta. Watoto walikuwa wakifukuzana juu yake, na shangazi akiwafokea kutoka chini bila hata kuinua kichwa.

Nanyi waandaaji, kama gazeti hili linawafikia: anzeni mbio saa mliyotangaza, mgeni rasmi akute watu njiani. Wekeni barafu na beseni kubwa mwishoni kabla hamjaweka jukwaa.

Kijana wa nyumba ya tatu kutoka kwangu anashuka mwezi ujao. Mbio ni Jumapili, naye amekata tiketi ya Jumatatu, siku sita kabla. Si kumi na nne, lakini ndizo alizoweza. Mama yake alikuja kuniuliza, kwa sauti ya kulalamika kidogo, mtoto atalala wapi na atakula nini siku zote hizo. Nimempa namba ya simu ya mvuvi. Alipopiga, kitu cha kwanza alichoulizwa ni kama kijana anakula pweza.