Wanakisomo Bagamoyo: Nani Awaongoze?

Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, yapata kilomita 70, imezoea mabasi ya wanafunzi. Watoto hushushwa kwenye magofu ya Kaole, wakapanga mstari, wakanakili tarehe kwenye madaftari, wakapelekwa misheni ya Wakatoliki, wakarudi mjini jua likizama. Basi lililojaa watu wazima wa darasa la kisomo ni nadra kulikuta. Mama lishe, mlinzi wa usiku, fundi uashi na bibi aliyeanza kushika kalamu wajukuu wakiwa wamekwisha kumaliza shule husoma jioni, wamebanana kwenye madawati ya watoto, na masomo yao huanzia na kuishia humo humo. Wanaopanga bajeti ya elimu ya watu wazima wanadaiwa jibu: ziara ya siku moja kwenye mahali pa historia na utamaduni ni sehemu ya somo, au ni starehe inayoweza kusubiri?

Ninaamini ni sehemu ya somo. Ninaamini pia kwamba ikiongozwa kama zinavyoongozwa ziara nyingi hivi leo, ni afadhali fedha zake zibaki darasani zinunue chaki na vitabu.

Pingamizi la kwanza ni la fedha, na lina uzito. Mwezeshaji wa kisomo anaishi kwa posho ndogo ambayo si kila mwezi inafika. Anayesema huyo alipwe kwanza kabla ya kukodi basi amesema kweli, na sioni hoja ya kumpinga. Halafu kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye bajeti yoyote. Mama anayeuza chapati akifunga meza yake Jumamosi nzima amepoteza mauzo ya siku ambayo watu wengi wako nyumbani, na jioni watoto watataka kula kama kawaida. Kwake ziara si ya bure hata kama kila kitu kimelipiwa. Ndiyo maana siku hiyo lazima impe kitu ambacho darasa haliwezi kumpa.

Kutoka nje si jambo geni katika elimu hii. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kuamkia mwaka 1970, aliutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kampeni zilizofuata hazikufungiwa chumbani. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba zao. Mradi wa kisomo chenye manufaa uliofanyika katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 1968 ulitumia vitabu vya kusomea vilivyohusu pamba, migomba na uvuvi, na somo la pamba lilikamilika shambani. Takwimu za Serikali za mwaka 1986 zilionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika walikuwa chini ya asilimia 10. Wengi wa waliofika hapo walifundishwa kwa imani kwamba mtu mzima hujifunza kwa kukutana na kitu chenyewe.

Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni kuona kwamba historia nayo ina manufaa. Neno hilo lilikuja kumaanisha mavuno, afya na kipato, na baadaye ujasiriamali. Yote ni mema. Lakini mtu akishamaliza kitabu cha ufugaji wa kuku hana tena cha kusoma, na asiyesoma husahau. Walimu wa kisomo wanalijua tatizo hili kwa miaka mingi: mhitimu wa mwaka juzi leo anampa mjukuu ujumbe wa simu amsomee. Mahali pa historia pana kibao, ramani, tarehe za kutoa na kujumlisha, majina yaliyochongwa kwenye mawe, na habari ambayo mtu atataka kuisimulia nyumbani. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa darasani, mradi ziara iandaliwe hivyo.

Tatizo ni kwamba mara nyingi haiandaliwi hivyo. Niliwahi kufuatana na kikundi cha kisomo hadi kwenye makumbusho moja ambayo sitaitaja. Mlangoni palikuwa na kitabu cha wageni chenye safu za jina, mahali mtu atokako, na maoni. Mzee mmoja alikuwa ameshainama, ameshika kalamu, anaandika herufi ya pili ya jina lake. Mwongozaji, kijana mwenye adabu tele, akamwambia, "Shikamoo mzee, lete nikusaidie tusichelewe," akaichukua kalamu na kuandika mstari mmoja kwa niaba ya wote: kikundi cha kisomo, Dar es Salaam. Yule mzee alikuwa amesoma miezi mingi kwa ajili ya kazi kama ile. Hapakuwa na ubaya wowote moyoni mwa kijana. Alifundishwa kutunza muda wa wageni, na hakuna aliyemweleza kwamba kwa wageni hawa muda wa kuandika ndio ziara yenyewe.

Waongozaji wetu wengi wameandaliwa kwa ajili ya watalii. Wanajua kutembea haraka, kutaja karne, kuweka kisa cha kusisimua penye kivuli na kumalizia kwenye duka la vinyago. Mtalii kutoka mbali, ambaye hatarudi, huenda akaridhika. Mtu mzima wa hapa amekuja na elimu yake. Kwenye Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, ambako zimejengwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali, nimemwona mama kutoka Kagera akiingia ndani ya msonge wa Kihaya na kuanza kueleza bila kuombwa: ng'ombe walilala upande gani, nyasi za kutandika chini zilibadilishwa vipi, nani hakuruhusiwa kukaa wapi. Mwongozaji wa siku ile alifanya jambo la busara sana: alinyamaza, akamwacha aseme, kisha akamuuliza maswali mawili ya maana. Wanakisomo wenzake, Wazaramo na Wagogo na Wamakonde, wakaanza kulinganisha na nyumba za kwao. Nusu saa ikapita ndani ya nyumba moja, wala hakuna aliyelalamika kwamba nyumba nyingine hazikufikiwa.

Bagamoyo inahitaji ustadi huo zaidi, kwa sababu historia yake ina ubishi ndani. Ziara ya kawaida hupita Kaole, Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, misheni, na mahali pa kupumzikia misafara, na uzi unaounganisha vyote ni mmoja: minyororo. Utumwa ulikuwepo Bagamoyo, hilo halina shaka, na haufai kupunguzwa. Lakini mwanahistoria Steven Fabian, aliyeutafiti mji huu kwa muda mrefu, ameonyesha kwamba sura ya Bagamoyo kama bandari ya utumwa juu ya yote imekuzwa sana na utalii. Kilichoujaza mji watu katika karne ya 19 ni misafara ya pembe za ndovu, na mizigo hiyo ilibebwa kwa sehemu kubwa na wapagazi wa kulipwa, wengi wao Wanyamwezi. Mwanahistoria mwingine, Stephen Rockel, ameandika kitabu kizima juu yao. Walipatana ujira kabla ya kuondoka, walidai posho yao njiani, na walipodhulumiwa waliweza kutua mizigo na kugoma. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, zaidi ya kilo 30, na safari ya kufika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ilichukua miezi.

Mweleze mambo hayo mtu anayebeba magunia Kariakoo, halafu umuulize atapatanaje bei ya kazi ya miezi mitatu, na ni nani anayepaswa kulipia chakula. Atakuwa na majibu ambayo mwongozaji hana. Atajua pia kutofautisha aliyebeba kwa ujira na aliyebebeshwa kwa nguvu, na atauliza kama mpaka kati ya hao wawili ulikuwa wazi siku zote. Hilo ndilo swali ambalo wanahistoria wenyewe wanaliuliza.

Misheni ndiko ninakotaka wanakisomo wakae muda mrefu. Hapo ndipo mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, ulipofikishwa Februari 1874, baada ya kubebwa kwa miguu kutoka bara, huko iliko Zambia ya leo, alikofariki mwaka 1873. Mnara wa kanisa la zamani unaitwa kwa jina lake. Watu hutajiwa pia Susi na Chuma, watumishi wake walioongoza msafara huo, na ni haki. Anayesahaulika ni Jacob Wainwright, Myao aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa Nasik huko India. Katika msafara ule yeye ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti pale Livingstone alipofia, akaandika orodha ya mali za marehemu, na akaweka shajara ya safari kwa mkono wake. Akafuatana na mwili hadi Uingereza na kuwa miongoni mwa waliolishika jeneza kwenye mazishi ya Westminster Abbey. Sijui mahali pengine katika pwani hii panapofaa zaidi kumwambia mtu aliyejifunza kuandika akiwa na miaka 50 kwamba habari za safari ile zimetufikia kutoka ndani ya msafara wenyewe kwa sababu kijana mmoja Mwafrika alikuwa na kalamu na akaitumia.

Kuna jambo zito hapa ambalo waandaaji wa ziara hulikwepa. Darasa la kisomo Dar es Salaam lina Waislamu na Wakristo, wanaoketi benchi moja. Historia ya utumwa ikisimuliwa vibaya kwenye uwanja wa misheni hugeuka shutuma, na jirani mmoja hurudi nyumbani ameumia. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walikomboa watumwa na kuwajengea makazi, hilo lisemwe. Lisemwe pia kwamba Wajerumani, waliojitangaza kuja kuukomesha utumwa, waliitawala nchi hii hadi Vita Kuu ya Kwanza bila kuufuta. Amri yao ya mwaka 1904 iliwapa uhuru watoto ambao wangezaliwa baada ya mwaka 1905. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Na pembe zile zilikuwa na wanunuzi Ulaya na Marekani, walioagiza piano na mipira ya biliadi. Ukiyaweka yote mezani hakuna dini wala kabila la watu waliopo linaloachwa kubeba lawama peke yake, na watu wazima wana uwezo wa kuyapokea. Ninawaamini kuliko wanavyoaminiwa na ratiba za ziara.

Hivyo mwongozaji wa wanakisomo anahitaji mafunzo yake mwenyewe, na hapa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Makumbusho ya Taifa zina kila sababu ya kuketi pamoja. Wawezeshaji wanajua jinsi ya kumsikiliza mtu mzima. Waongozaji wanaijua historia ya mahali. Mwezeshaji atangulie siku moja kabla, wapange na mwongozaji vituo viwili tu badala ya vitano, kwa sababu kuna magoti ya wazee na kuna jua. Wiki moja kabla, darasa lisome ukurasa mmoja juu ya watakachokiona. Nyumba za mawe za mji mkongwe zina vyumba vyembamba. Wanafunzi wavipime kwa hatua, wakisie sababu, na fundi uashi aliyemo kikundini atakuwa wa kwanza kutazama juu na kusema kwamba upana ulitegemea urefu wa boriti za mikoko. Wakirudi, kila mmoja aandike barua kwa mtu ambaye hakuja.

Wala si lazima kila mtu aende Bagamoyo. Wa Iringa wana Kalenga, lilikorudishwa fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mwaka 1954. Wa Songea wana Makumbusho ya Maji Maji, wa Kondoa wana michoro ya miambani ya Kolo, wa Kilwa Masoko wanavuka kwa mashua tu wanafika kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, na wa Tabora wako jirani na Kwihara, alikokaa Livingstone. Usafiri wa karibu hupunguza gharama, na anayeuza chapati huweza kurudi kabla ya jioni kufika.

Yabaki mambo mawili ya getini. Mwanafunzi wa shule hulipa kiingilio cha chini kuliko mtu mzima, na hutambulika kwa sare au kitambulisho. Mwanakisomo hana sare wala kitambulisho, hivyo hulipa kama mwananchi mwingine yeyote, ingawa amekuja kusoma. Barua ya mratibu wa elimu ya watu wazima wa wilaya itoshe kumfanya mwanafunzi. Na ndani ya geti, vibao vingi vimeandikwa Kiingereza kwanza, au Kiingereza peke yake, na Kiswahili kikiwepo kimebanwa kwa herufi ndogo. Aliyejifunza kusoma Kiswahili mwaka huu hawezi kuvitumia. Kubandika vibao vya Kiswahili chenye sentensi fupi na herufi kubwa, kwenye urefu ambao mtu aliyevaa miwani ya dukani anaweza kusoma bila kuinama, ni kazi ya rangi, mbao na mhariri mmoja makini, na haina haja ya kungoja mfadhili.