Plastiki iliyojifanya kioo yafikishwa kwenye mizani Ulaya

KWA miaka mingi kampuni za vipodozi vya kifahari zimeuza bidhaa zao katika vyombo vya plastiki angavu, ambavyo mnunuzi hudhani ni kioo. Vizibo vingi vya manukato hutengenezwa kwa Surlyn, na vikopo vya krimu kwa PETG, ambayo haivunjiki kwa urahisi na ina takriban nusu tu ya uzito wa kioo.

Hata hivyo, fahari hiyo ina gharama. Kuta nene zinazokipa kikopo haiba humeza malighafi nyingi kuliko inayohitajika kuhifadhi krimu. Aidha, PETG ikichanganyika na PET ya chupa za maji viwandani, hulainika mapema kwa joto, hugandamana na vipande vingine na kuvuruga urejelezaji.

Kanuni ya vifungashio ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuwa sheria tarehe 11 Februari 2025, inataka vifungashio viweze kurejelezwa ifikapo 2030. Inazuia pia kuta mbili na vitako vya bandia vinavyomfanya mnunuzi aone kingi kuliko kilichomo.

Lakini imeacha mwanya: maumbo ambayo hakimiliki zake zililindwa kabla ya tarehe hiyo yanaweza kusamehewa. Kwa hakika, wanaonufaika ni wakongwe wenye maumbo mashuhuri. Mzigo utawaelemea wageni sokoni.

Mwaka 2024 Eastman ilianza kuzalisha katika kiwanda chake cha Kingsport, Marekani, kinachovunja taka za poliesta kwa kemikali ili ziwe malighafi tena. Ni hatua njema, ila kemia haipunguzi unene wa ukuta. Hilo ni jukumu la mbunifu.