Uzushi wa "Kuchezea Kipaji"

Imekuwa desturi ya wachambuzi wa soka, na hivi karibuni imesikika tena redioni kwa sauti ya mtu asiye na chembe ya shaka, kudai kwamba mchezaji anayestaafu mapema "amechezea kipaji", yaani ameshindwa kujituma au amekizamisha kipaji hicho katika starehe. Dai hilo halistahili hata heshima ya kujadiliwa kwa upole.

Marco van Basten, mshambuliaji wa Uholanzi aliyetwaa Mpira wa Dhahabu, ambayo wakati huo ilikuwa tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, mwaka 1988, 1989 na 1992, alicheza mechi yake ya mwisho ya ushindani mjini Munich Mei 26, 1993, siku ambayo timu yake, AC Milan, ilifungwa 1-0 na Marseille, naye akiwa na miaka 28 tu. Kilichomwondoa uwanjani ni kifundo cha mguu, ambacho kiliumia Desemba 1986 klabu yake ya wakati huo, Ajax, ilipocheza na Groningen, pale alipomvaa mpinzani ili ampokonye mpira, kazi ambayo mshambuliaji mvivu huwaachia mabeki. Aliumia, basi, kwa kujituma. Aliendelea kujituma: Mei 1987, akiwa na kifundo hichohicho kibovu, aliifungia Ajax bao pekee la fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya huko Athens, huku gegedu, yaani tishu laini inayozuia ncha za mifupa kusagana, likizidi kulika kadiri miaka ilivyokwenda, hata upasuaji wa mara kwa mara ukashindwa kuliokoa.

Watetezi wa dai hilo hukimbilia kumtaja Paolo Maldini, mwenzake wa Milan aliyecheza hadi 2009 akiwa na miaka 40. Kwa mantiki hiyo, babu aliyevuta sigara hadi uzeeni ni ushahidi kwamba tumbaku ni dawa. Wachambuzi haohao, ambao siku hizi hutumia nusu ya kipindi kuzipigia debe kampuni za kubeti, hawapati hata dakika moja ya kumuuliza daktari kuhusu sindano za ganzi wanazochomwa wachezaji ili wamalize dakika 90.

Van Basten alihangaika na matibabu kwa zaidi ya miaka 2 kabla ya kutangaza kustaafu Agosti 1995. Mchambuzi anayetaka kumhukumu mchezaji wa namna hiyo na aanze na faili la hospitali. Akilikosa, na anyamaze.