Wingu la Kompyuta ni Akiba ya Mtahiniwa

Unaposikia kwamba taarifa zimehifadhiwa "kwenye wingu", usidhani zinaelea angani. Maana yake ni kwamba zimewekwa katika kompyuta zenye uwezo mkubwa ziitwazo seva, ndani ya majengo maalumu, nawe unazifikia kwa intaneti. Hapa nchini, mfano wa majengo hayo ni Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam. Maoni yangu ni kwamba kila mtahiniwa wa kidato cha nne anapaswa kuwa na hifadhi yake ya wingu, anayoimiliki mwenyewe, kabla hajamaliza shule.

Kwanza, wazo hili si geni kwako. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008. Mzazi wako akipoteza simu kisha akarudisha laini, salio lake analikuta, kwa sababu fedha hazikuwa ndani ya simu. Kumbukumbu zake zipo kwenye seva za kampuni. Abiria anayekata tiketi ya treni ya mwendokasi ya Kilosa kwa simu, na mwananchi anayelipa ada ya serikali kwa namba ya malipo, wote wanategemea kompyuta zilizo mbali nao. Kama tunaamini utaratibu huo kwa fedha, kwa nini tusiutumie kwa vyeti na madaftari?

Pili, fikiria mahali tunapoishi. Neno tindiga lenyewe katika Kiswahili ni kinamasi, na sisi wa kata ya Tindiga tunajua maji yanavyoweza kuingia ndani bila kubisha hodi. Mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu nyumba na reli, na maelfu ya watu wakahamia kambini. Maji yakija usiku, mzazi huokoa watoto kwanza, si bahasha ya vyeti. Picha ya cheti si cheti, hilo ni kweli. Lakini ukienda polisi kutoa taarifa ya upotevu, utahitaji majina yako yalivyoandikwa, namba na mwaka. Mwenye nakala kwenye wingu anavyo vyote. Asiye nayo ataanza kukumbuka.

Tatu, safari yako baada ya matokeo itapita mtandaoni. Kubadili tahasusi hufanyika kwenye mfumo wa TAMISEMI, na vyuo vingi hupokea maombi kwa mtandao. Baadaye, ukiomba mkopo wa elimu ya juu, utatakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Madirisha haya hufunguliwa na kufungwa kwa tarehe, na hayamsubiri mtu aliyerudi kijijini kutafuta karatasi.

Wapo watakaopinga kwamba bando ni ghali na mtandao wetu ni dhaifu. Hoja hii ina uzito. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Lakini hoja hiyo inatufundisha kutotegemea wingu peke yake, haitufundishi kuliacha. Weka karatasi kwenye mfuko wa plastiki mahali pa juu, na nakala mtandaoni. Kimoja kikikosekana, kingine kitakuokoa. Picha za vyeti hazili bando kubwa, na akaunti ya Google hutoa nafasi ya GB 15 bila malipo. Simu haziruhusiwi shuleni, nami naunga mkono katazo hilo. Kazi hii ifanye likizo, kwa simu ya mzazi au mlezi.

Hatari kubwa ninayoiona ni nyingine. Vijana wengi hufunguliwa barua pepe na mhudumu wa steshenari, kwa namba ya simu ya mhudumu na nywila anayoijua yeye. Siku akihama au laini yake ikifungwa, mlango wako umefungwa naye. Na akiwa na nia mbaya, vyeti vyako vipo mikononi mwake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haiwezi kukulinda vizuri ikiwa nywila umeigawa kwa hiari. Kusaidiwa si vibaya. Hakikisha tu namba ya simu ni ya nyumbani kwenu, nywila umeiandika wewe, na umetoka kwenye akaunti kabla ya kuondoka.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii, hata hivyo, huoza ikisahaulika: akaunti ya Google isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Kwa hiyo ifungue mara kwa mara. Anza na cheti cha kuzaliwa na cheti cha darasa la saba, kisha kurasa za muhtasari wa masomo yako magumu. Cheti cha kidato cha nne kitafuata, na kitakuta mahali pake pameshaandaliwa.