NANI ALIIAMBIA KOMPYUTA?

Ndugu wafanyakazi wa Thika na Ruiru,

Mama mmoja, mwanachama wetu, alifika ofisini akiwa na karatasi tatu za mshahara. Jina ni lile lile, kitambulisho ni kile kile, lakini namba ya kazi ni tatu mbalimbali. Yumo katika kiwanda hicho tangu mwaka 2021. Alipoomba likizo aliambiwa kuwa yeye ni mgeni, ameingia juzi. Karani wa dirishani alimjibu, "Si mimi, mama, ni kompyuta inasema hivyo."

Kompyuta haisemi neno isiloambiwa. Yuko mtu aliyekaa kitini akaiambia: kibarua akifikisha siku kadha wa kadha mtoe, kesho mwandike upya. Mtu huyo huitwa mchanganuzi wa mifumo ya rasilimali watu. (Jina hilo la rasilimali tumepewa sisi, pamoja na maji na mbao.) Mara nyingi hayumo kiwandani. Huwa ameajiriwa na kampuni ya washauri, ambayo wenye viwanda huilipa iwapangie hesabu za mishahara. Kazi yake ni kuuliza mwajiri ataka nini, kuligeuza jambo hilo liwe kanuni ndani ya mashine, na kujaribu kama hesabu zatoka sawa: kodi, NSSF, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Akikosea pahali pamoja, kosa huwafikia watu wote wa kiwanda siku moja.

Hatumchukii. Naye ni mtu wa mshahara, na pengine mkataba wake ni wa miezi michache kama wa vibarua wetu. Tena tuseme kweli: kabla ya mashine ya kidole, saa za ziada ziliandikwa na nyapara katika kitabu chake, na wengi wetu twakikumbuka kitabu kile. Mashine ya kidole haina shemeji.

Lawama yetu ni kwamba kanuni hizo hupangwa na mwajiri na mchanganuzi, na yule anayehesabiwa hayupo. Wazee wetu walivaa kipande shingoni, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kilikuwa na alama za vidole na mshahara wa mtu, na bila sahihi ya bwana hakuweza kwenda kutafuta kazi kwingine. Harry Thuku alikipinga, akakamatwa Machi 1922. Lakini kipande kile mtu aliweza kukifungua akakisoma. Cha leo hatukioni.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Sisi twashikilia kwamba kubadili namba si kukatiza kazi. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yampa kila mtu haki ya kuona yaliyoandikwa juu yake, na yaliyo ya uongo yasahihishwe.

Katika mapatano yajayo twataka kifungu kimoja zaidi: kanuni za mashine zisomwe mbele ya wawakilishi wa wafanyakazi kabla ya kuanza kutumika, na mchanganuzi mwenyewe awepo aulizwe maswali. Waajiri watasema ni siri ya biashara. Malipo ya washauri yaweza kuwa siri. Hesabu ya siku nilizofanya kazi haiwezi kuwa siri kwangu mimi.

Kila mwanachama akusanye karatasi zake za mshahara, hata zilizokunjika, atazame namba ya kazi mwezi kwa mwezi. Ikiwa imebadilika, amwone mwakilishi wake na nakala. Karatasi yenyewe abaki nayo. Za yule mama tumekwisha kuzipeleka kwa mwajiri, na jibu twalingoja.